Je, Unamsaidia Mwenzi Wako au Unamnyang'anya?

Tuanze jikoni. Tuseme mke wako ana ugonjwa wa neva, na daktari amekwisha kuwaeleza nyote wawili jina lake. Asubuhi anaamka, anashika ukuta, anafika jikoni polepole na kuchukua sufuria ya chai. Mkono unatetemeka kidogo. Wewe unaruka kutoka kitini, unamwondolea ile sufuria na kumwambia kwa upole, "Mama watoto, wewe kaa. Nitafanya mimi." Naye anakaa. Jirani wa jumuiya akiona atakusifu, na mama mkwe atasema binti yake alipata mume. Lakini je, ulimtazama usoni alipokuwa akikaa?

Swali ninaloomba tulifikirie pamoja ni hili: yawezekana kumkosea mwenzi wako kwa kumsaidia?

Ugonjwa ninaoufikiria ni maltipo sklerosisi, ambao wengi huuita M.S. kwa kifupi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Fikiria waya wa stima uliochubuka mpira wake. Ujumbe kutoka ubongoni unachelewa au unapotea njiani. Mguu unakuwa mzito, jicho linaona ukungu, mkono unakufa ganzi, kibofu hakishiki. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, umri ule ule wa kulea watoto wadogo, na wanawake wanaougua ni zaidi ya maradufu ya wanaume. Katika nchi za ikweta si wengi kama walivyo Ulaya ya kaskazini. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa kwetu anaweza kuzunguka hospitali nyingi kabla ya kujua ana nini, huku watu wakinong'ona kwamba amerogwa. Hauambukizi. Zipo dawa za kupunguza makali yake, lakini mpaka leo hakuna ya kuuondoa kabisa.

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza ugonjwa huu waziwazi huko Paris mwaka 1868. Mwaka 1890 Mjerumani Wilhelm Uhthoff akaandika kwamba wagonjwa wengine, wakijishughulisha sana, macho yao hufifia kwa muda. Baadaye ilieleweka kwamba sababu ni joto la mwili: neva iliyochubuka hufanya kazi vibaya mwili ukipata moto, na mwili ukipoa hali hurudi ilivyokuwa. Lakini kwa miaka mingi madaktari waliwaambia wagonjwa wao wapumzike na wasijichoshe. Waliwahurumia, na huruma hiyo ikawaketisha watu ambao bado wangeweza kutembea.

Mmoja wao alikuwa Mmarekani Jimmie Heuga, aliyepata medali ya shaba katika mashindano ya kuteleza kwenye theluji, Olimpiki za Innsbruck mwaka 1964. Mwaka 1970 akaambiwa ana M.S., naye akashauriwa apumzike. Alitii kwa miaka kadhaa, akajiona anadhoofika mwili na roho. Ndipo akaanza kujipangia mazoezi, kidogo kidogo, na mwaka 1984 akaanzisha kituo huko Colorado cha kuwafundisha wagonjwa wenzake. Hakupona. Miaka yake ya mwisho alitumia kiti cha magurudumu, akafariki mwaka 2010. Nasema hivyo makusudi, ili asiwepo atakayetoka hapa akidhani mazoezi ni dawa ya kuponya.

Mwaka 1996 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 54 waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kuzungusha pedali kwa mikono na miguu, dakika 40, mara tatu kwa juma, kwa majuma 15. Walipata nguvu zaidi kuliko wenzao, na kwa kipindi fulani huzuni na hasira zao zilipungua. Tangu hapo chunguzi nyingi zimefuata, na mwaka 2020 chama cha kitaifa cha M.S. cha Marekani kilitoa ushauri kwamba mgonjwa alenge angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi au za shughuli za kawaida za mwili, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake.

Shughuli za kawaida! Maana yake ni kwamba ile safari ya ukutani mpaka jikoni ni sehemu ya matibabu. Udhaifu wa mgonjwa huyu hutoka mahali pawili. Mmoja unaletwa na ugonjwa, na huo hamna uwezo nao. Wa pili unaletwa na kukaa tu, kwani hata mguu wa mtu mzima usipotumika hunyauka. Basi ukimkalisha mkeo mwaka mzima kwa mapenzi, sehemu ya udhaifu atakaokuwa nao mwisho wa mwaka umeuleta wewe.

Najua utanijibu: "Na akianguka?" Hilo ni jibu zito. Anaweza kuanguka kweli, na wewe ndiye utakayemwinua na kumpeleka hospitali, na wewe ndiye watakayekuuliza ulikuwa wapi. Lakini jiulize kwa unyofu, hofu hiyo ni ya nani? Mara nyingi tunamzuia mgonjwa ili sisi tulale usingizi. Tunamlipisha yeye gharama ya amani yetu. Njia ya haki ni kupunguza hatari bila kumpokonya kazi: funga mbao imara ya kushikia ukutani, ondoa mkeka unaoteleza, weka kiti kizito karibu na meza. Asubuhi kabla jua halijawa kali ashike mgongo wa kiti hicho, asimame na kuketi mara kadhaa, anyooshe misuli iliyokaza. Kitambaa kilicholowa maji baridi shingoni kinasaidia sana, hasa kwa ninyi mnaokaa Mombasa au Kisumu. Na mtaalamu wa tiba ya viungo amwone kwanza, kwa maana mazoezi ya mwenye kuyumba si mazoezi ya mwenye misuli iliyokakamaa.

Lakini sasa naogopa kitu kingine. Wapo waume, na wake pia, ambao wakisoma haya watageuka makocha. "Simama! Juzi ulifanya mara kumi, leo mbona tano?" Ndugu yangu, uchovu wa M.S. si uvivu. Humjia mtu aliyelala usiku mzima vizuri, bila dalili hata moja ya nje, na siku hiyo kupumzika ndiyo busara. Tena ugonjwa ukizidi, kama unavyoweza kuzidi hata kwa anayejitahidi kila siku, usithubutu kumwambia kwamba ni kwa sababu aliacha mazoezi. Kumkalisha kwa nguvu na kumsimamisha kwa nguvu ni kosa moja. Katika yote mawili mwili wake umekuwa wako na wewe ndiye msimamizi.

Hapa mwenye kuijua Biblia atanikumbusha mafundisho ya Mtume Paulo kwa Wakorintho, kwamba katika ndoa mwili wa mmoja ni haki ya mwenzake. Ni kweli, na fundisho hilo linawafunga wote wawili sawasawa. Hata hivyo, kitu nilichopewa zawadi na mwenye nacho hakinipi ruhusa ya kumfungia yeye nje. Yule mgonjwa wa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha aliulizwa kwanza kama anataka kupona. Nilipokuwa kijana niliona ni swali la ajabu, maana nani hataki? Siku hizi naona aliheshimiwa kwa kuulizwa.

Mambo hugeuka mgonjwa akiwa mume. Huyu mara nyingi hataki hata fimbo, kwa kuwa wanaume wenzake watamwona sokoni. Mke naye, kwa kumwogopa au kumwonea haya, anafanya kila kitu kimyakimya, mpaka kumfunga kamba za viatu, na nyumba nzima inajifanya haijui. Mama, kumsaidia baba watoto kwa siri hivyo kunamwachia kiburi, lakini nguvu zinamwishia. Afadhali mzungumze mkiwa wawili, watoto wakiwa wamelala, mambo gani atafanya mwenyewe hata kama yatachukua nusu saa, na mambo gani anaomba mkono. Makubaliano hayo yarudiwe kila baada ya muda, kwa sababu ugonjwa huu hubadilika.

Na kesho asubuhi akifika jikoni, keti. Anaweza kumwaga chai. Itafutwa.