Nje ya Lango, Kando ya Maji

JUMATANO

Soma Matendo 16:11-15. Paulo na wenzake walikwenda wapi siku ya Sabato, na ni nini kilitokea huko?

Filipi ulikuwa mji mashuhuri wa Makedonia na koloni la Warumi. Sabato ilipofika, wageni hawa walitoka nje ya lango, wakaenda kando ya mto mahali walipodhani watu husali. Waliketi, wakazungumza na wanawake waliokusanyika pale. Ndipo Bwana alipoufungua moyo wa Lidia, na yeye na nyumba yake wakabatizwa. Luka hataji jengo lolote. Anataja lango, mto na watu walioketi wakizungumza.

Sisi nasi tunaishi mjini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na familia nyingi za washiriki wetu hupanga vyumba viwili au vitatu visivyo na ua wa kutosha. Ibada ikiisha saa 7 mchana, bado kuna saa tano hivi kabla jua halijazama. Katika nyumba nyingi, saa hizo wazazi hulala, na watoto huambiwa wasiwashe televisheni, wasicheze mpira na wasipige kelele. Mtoto akilelewa hivyo miaka kumi atajua vema Sabato inakataza nini, lakini hatajua inatoa nini. Siku atakapokuwa na uhuru wa kuchagua, tusishangae akiiacha.

Soma Isaya 58:13, 14. Je, furaha inayotajwa hapa hupatikana kwa kuacha mambo tu, au kuna kitu cha kutenda pia?

Ellen G. White, katika juzuu ya 6 ya Shuhuda kwa Kanisa, aliwashauri wazazi watoke pamoja na watoto wao siku ya Sabato, wakaone kazi za Mungu katika uumbaji. Ushauri huo ni mwepesi kuusoma na mgumu kuutekeleza, kwa sababu matembezi ya Sabato hufanikiwa au kuharibika siku ya Ijumaa.

Soma Kutoka 16:22-30 na Nehemia 13:15-22. Siku ya Maandalio ilikuwa na kazi gani?

Katika siku za Nehemia, watu wa Tiro walileta samaki Yerusalemu na kuwauza siku ya Sabato. Wakazi wa Kunduchi hawana shida kuiona picha hiyo: mashua zinaingia, samaki wanauzwa pwani, na biashara haisimami kwa sababu ni Sabato yetu. Angalieni kwamba Nehemia aligombana kwanza na wakuu wa Yuda, yaani watu wa agano wenyewe, kabla ya kuwaonya wafanyabiashara. Familia inayotoka bila maji wala chakula, watoto wakiwa na kiu saa 9 alasiri, imejipeleka yenyewe mbele ya muuza soda.

Basi, Ijumaa gawaneni kazi. Baba achemshe viazi vitamu na kujaza maji ya kunywa. Vijana wakaange karanga na kuosha machungwa na ndizi. Chakula chenye nazi kiacheni nyumbani, maana kwa joto la Dar huchacha upesi. Mama naye ameamriwa kupumzika. Matembezi yanayomwongezea kazi yeye peke yake si raha ya Sabato.

Chagueni mahali msipolazimika kulipa. Kisiwa cha Mbudya kinaonekana vizuri kutoka Kunduchi, lakini kukifikia kunahitaji boti na kiingilio. Kiwekeni kwa Jumapili au sikukuu. Ufukwe ulio wazi na mikoko ya kijito vinatosha. Wanaoishi mbali na bahari, kama Mbagala au Tandika, wanaweza kukaa chini ya mwembe, wakasoma Zaburi 104 na kuwasikiliza ndege.

Kabla hamjaondoka, jueni hali ya bahari. Mwulizeni mvuvi jirani siku ya Ijumaa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kwa siku saba ucheleweshaji huo hufikia karibu saa sita. Kwa hiyo, kama Sabato iliyopita mlikuta maji yamekupwa saa 9 alasiri, Sabato hii saa hiyohiyo yatakuwa karibu kujaa. Maji yakipwa, watoto wavae yeboyebo, watafute kaa na kiti cha pweza, wawatazame na kuwaacha walipo. Maji yakijaa, ketini mbali kidogo na msome Ayubu 38:8-11, jinsi Mungu alivyoiwekea bahari mpaka. Wakati wote mtu mzima mmoja asiye na simu mkononi awe anawaangalia watoto.

Wala msiketi mkiwapa wengine mgongo. Pwani ina majirani: wavuvi, mama anayetengeneza samaki, watoto wa mtaa wanaokuja kuona mnachokitazama. Wakaribisheni, mgawane machungwa. Lidia alikutana na injili kwa sababu kuna watu walitoka nje ya lango, wakaketi, wakazungumza.

Maswali ya kujadili darasani

1. Watoto wakiomba kuogelea baharini siku ya Sabato, mtawajibu nini? Jibu lenu linasimama juu ya fungu gani, na lipi ni desturi tu?

2. Katika darasa lenu kuna mjane, mgonjwa au mzazi anayelea peke yake? Sabato ijayo ni familia gani itatoka pamoja naye?

3. Waulizeni watoto wenu leo: Sabato ni siku ya nini? Sikilizeni jibu lote kabla ya kuwasahihisha.