Sabuni Niliyoiba

Hapa Pumwani hata robo ya sukari tunapokea kupitia grili. Nikisomea biashara tulifundishwa kwamba hasara ya wizi huongezwa kwenye bei. Yaani mama asiyeiba ndiye hulipa.

Lakini sihubiri kama mgeni. Nikiwa darasa la sita niliiba sabuni dukani. Muda si mrefu grili ikawekwa. Sikuwa mwizi peke yangu, ila sabuni yangu ilikuwa kwenye hiyo hesabu.

Waefeso 4:28 haimwambii mwizi aache tu. Inamtaka afanye kazi kwa mikono yake, apate cha kumpa mhitaji. Jumanne nilienda kwa yule mzee, nikakiri, nikalipa mara nne kama Zakayo. Alinitazama sana. Halafu akanirudishia chenji, kupitia grili ileile.