Je, Aliyeshinda Aruhusiwe Kwenda Nyumbani?



Jumapili moja baada ya ibada, wazee wa kanisa waliletewa shauri ambalo halikuwa la ndoa wala la mpaka wa kiwanja. Lilikuwa la meza ya puli. Pande zote mbili zimekubali niliandike bila majina, kwa sababu linagusa nyumba nyingi hapa Juba.

Vijana wawili, wote waumini wetu, walicheza puli Jumamosi jioni chini ya turubai, karibu na soko la Konyokonyo. Waliwekeana dau. Mmoja wao, ambaye hubeba mizigo sokoni, alishinda mara tano mfululizo. Kisha akaweka fimbo mezani akasema, "Mimi naenda, mama ananisubiri." Mwenzake akakataa. "Huwezi kuondoka na hela yangu. Nipe nafasi niirudishe." Watazamaji wakamuunga mkono aliyeliwa. Wakamwita mshindi mwoga, na wengine wakamwita mwizi. Akashikwa ukosi, shati lake likachanika. Baadaye ikajulikana kwamba hela iliyoliwa ilikuwa ya unga na mafuta ya watoto wanne.

Mbele ya wazee kila mmoja alijitetea. Mshindi alisema, "Sikuiba. Aliweka dau kwa hiari yake, na kama ningeliwa mimi asingenirudishia hata pauni moja." Aliyeliwa alijibu, "Desturi ya meza inajulikana. Mwenye kushinda haondoki mpaka mwenzake aridhike."

Ndugu msomaji, najua jibu la haraka: Mkristo asicheze kamari. Nami naliamini jibu hilo. Lakini linamfaa mtu ambaye hajaanza. Hawa walikuwa wamekwisha kucheza, hela ilikuwa mfukoni, na watoto walikuwa na njaa. Mtu akisimama mahali kama hapo anataka kujua hatua inayofuata ni ipi.

Tuanze na desturi ya meza, maana si upuuzi mtupu. Watu hawampendi mtu anayeshinda mchezo mmoja kwa bahati kisha akatoweka. Wala hawampendi fundi anayejifanya hajui, akashindwa makusudi kwa hela ndogo, kisha akaonyesha ufundi wake dau likipanda. Huyo ni mwongo hata kama hajagusa mfuko wa mtu. Tena, kama mmepatana michezo mitano, kuondoka baada ya mitatu kwa kuwa umeshinda ni kuvunja neno lako. Hapo watazamaji wangekuwa na haki ya kulalamika.

Lakini vijana wetu hawakupatana idadi yoyote. Na hapa ndipo penye tatizo. Mchezo wa puli wenyewe una mwisho. Kila mmoja ana mipira yake saba, na mweusi ukiingia, mchezo umekwisha. Dau ndilo lisilo na mwisho. Desturi inayosema mshindi abaki mpaka mwenzake aridhike inamtaka abaki mpaka lini? Aliyeliwa haridhiki mpaka arudishe, na akirudisha, mwenzake naye atakuwa ndiye aliyeliwa.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu ameliwa pauni 500. Ili arudishe, anaweka 1,000. Akishindwa anaweka 2,000, kisha 4,000. Akishindwa mara hizo nne ameshapoteza 7,500. Sasa inambidi aweke 8,000, na hata akishinda, faida yake yote ni zile 500 za kwanza. Wangapi kati yetu wana 8,000 za kuweka mezani saa hiyo?

Kuna hesabu nyingine ya kale zaidi. Mwaka 1654 Mfaransa Blaise Pascal aliandikiana barua na mwenzake Pierre de Fermat juu ya swali linalofanana na letu: watu wawili wakiacha mchezo kabla haujaisha, hela iliyowekwa igawanywe vipi kwa haki? Pascal hakuwa mtu wa mchezo tu. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo alipata usiku mmoja wa kukutana na Mungu uliobadilisha maisha yake. Tangu siku za barua hizo wataalamu wamefahamu jambo hili: wawili wenye uwezo sawa wakicheza kwa dau lilelile mpaka mmoja aishiwe, mwenye mfuko mdogo ndiye yuko hatarini. Ukiwa na 1,000 na mwenzako ana 9,000, utaishiwa wewe mara tisa kati ya kumi. Hapo hakuna mchawi wala mkosi. Mwenye nyingi anaweza kuvumilia siku mbaya, nawe huwezi.

Kwa hiyo anayesema "nipe nafasi nirudishe" anaomba kitu ambacho kwa kawaida kitammaliza. Na mshindi anayekubali kwa adabu, akibaki ili asiitwe mwoga, hamfanyii mwenzake wema. Anamsaidia kuzama. Ndiyo maana wazee walisema kwamba kijana hakukosa alipoweka fimbo chini. Kuacha kulikuwa kitendo chema kuliko vyote vilivyotendeka jioni ile.

Je, yaliishia hapo? Hapana. Yeye alisema dau liliwekwa kwa hiari. Hiari ya nani? Mezani walikuwa watu wawili, lakini nyuma ya hela ile walikuwapo mama na watoto wanne ambao hawakuulizwa. Mtume Paulo anatufundisha katika Wafilipi 2:4 tusitazame mambo yetu peke yetu, bali na ya wengine. Na sheria ya Musa ina neno linalotufaa. Katika Kutoka 22:26-27, mtu aliyechukua vazi la jirani yake kuwa rehani anaambiwa alirudishe kabla jua halijatua, kwa kuwa maskini yule hana kingine cha kujifunika usiku. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana kufanya hivyo ni kuchukua uhai wa mtu. Angalieni vizuri. Mwenye kukopesha haitwi mwizi, na haki yake haikanushwi. Anaambiwa tu kwamba mbele ya usiku wa baridi na jiwe la unga, haki yake isubiri.

Ndivyo ilivyoamuliwa. Mshindi alipeleka hela ya unga na mafuta, ila hakumpa aliyeliwa. Alimkabidhi mama wa watoto, mbele ya mzee mmoja. Na aliyeliwa, ili asidhani kwamba kanisa litamlipia kamari zake, alifanya kazi siku mbili kwa mama wa mshindi, akibeba maji na kutengeneza ua. Shati nalo alilishona. Mshindi aliuliza kama kurudisha ni kukiri kwamba aliiba. Mzee akamjibu, "Mwanangu, ulishinda. Hakuna anayekunyang'anya ushindi wako. Tunakuomba unga tu."

Wapendwa, nimejiuliza kwa nini neno hili "kurudisha" lina nguvu hivi kwetu. Nadhani ni kwa sababu sisi sote tumepoteza. Wako walioacha nyumba Desemba 2013, wako waliokimbia Julai 2016, wako waliotoka Khartoum baada ya Aprili 2023, na wako ndugu zetu wa Kongo. Hakuna aliyetuita kutuambia, "Njooni mchukue mlichokiacha." Meza ya puli inaahidi kile ambacho dunia imetunyima: kwamba kilichopotea leo kitarudi leo hii. Kijana asiye na kazi wala ada ya shule anaiamini ahadi hiyo kwa urahisi. Tusimcheke.

Lakini sisi tuliokimbia tunajua pia jambo lingine. Mama aliyetoka na watoto wote, akaacha magodoro na sufuria, aliacha mchezo akiwa ameshinda. Wapo waliorudi kuchukua redio au baiskeli, na hatukuwaona tena. Mke wa Lutu aligeuka nyuma, nasi twajua yaliyompata. Watoto wakiwa mkononi, ondoka nao.

Basi, kwa vijana wetu ambao bado wanapita penye meza, nasema hivi. Mchezo wenyewe si dhambi. Chezeni kwa ufundi na kicheko, na ikibidi, aliyeshindwa alipe gharama ya meza na yaishe. Kabla ya pigo la kwanza semeni mtaondoka saa ngapi au baada ya michezo mingapi, maana neno lililosemwa mapema halimwudhi mtu kama lile linalosemwa mfuko ukiwa umejaa. Hela ya chakula, ya dawa au ya kukopa isiguse kitambaa cha meza. Mwenzako akitaka kuongeza dau ili arudishe, kataa kwa upole, hata wakikuita mwoga. Na ninyi watazamaji, mnaopiga kelele "mpe nafasi," hamtalala njaa usiku ule. Nyamazeni, au mshikeni ndugu yenu mkono mmpeleke kwake.

Nanyi wazazi, kijana akirudi mapema na hela ambayo hamjui ilikotoka, msiifurahie kabla ya kuuliza. Huenda jirani yenu wa turubai la tatu hajapika.

Mungu awabariki na kuwalinda.