Mgeni Aliyekuja Kutumika



Mara kwa mara makanisa yetu hupokea vijana waliojitolea, wengine kutoka ng'ambo, wengine kutoka mikoa ya mbali. Siku zao za kwanza hufanana. Kijana hushuka Makambako, mahali ambapo barabara kuu ya kwenda Mbeya hukutana na ile ya Songea, na reli ya TAZARA hupita. Kesho yake hupelekwa Njombe, kilomita kama 60 kuelekea kusini, kwenye baridi asiyoitazamia. Huzunguka sokoni, hujifunza kuitikia "Kamwene", hupotea njia na kurudishwa na mtoto. Kazi bado hajaianza.

Je, siku hizo zimepotea bure? Wapo wasemao, "Amekuja kumtumikia Mungu, hakuja kutembea. Apewe kazi." Tena wapo wageni wenyewe waonao haya kula chakula cha watu kabla ya kufanya lolote.

Tukumbuke kwamba Bwana wetu alipowatuma wale sabini, kama asimuliavyo Luka, aliwakataza kuchukua mfuko. Aliwaagiza waingie nyumbani mwa watu na kula walichopewa. Basi mtumishi alianza kwa kuwa mhitaji, maana mwenye kila kitu hana sababu ya kubisha hodi. Arkidiakoni William Percival Johnson wa UMCA, aliyefika pande za Ziwa Nyasa miaka ya 1880 na kufariki Liuli mwaka 1928, aliitafsiri Biblia kwa Kinyanja. Kazi hiyo isingewezekana kama hangekubali kwanza kuwa mwanafunzi mbele ya wenye lugha yao.

Lakini kupokea nako kuna hatari. Kuku anayechinjwa kwa ajili ya mgeni pengine alikuwa auzwe, mtoto apate madaftari. Mgeni akikataa, amemdharau mwenyeji. Akila bila kujali, amemla mwenyeji mwenyewe. Afanyeje?

Hapo ndipo kutembea mjini kunapokuwa sehemu ya utumishi. Na aende sokoni aulize bei ya kuku na ya debe la viazi. Na amwone mama anayekwenda shamba alfajiri ya mwezi wa Juni, baridi ikiuma. Akirudi mezani atajua amepewa nini. Shukrani isiyojua bei ni adabu tu. Ikijua bei huwa deni, na mwenye deni la namna hiyo hufanya kazi kwa unyenyekevu.

Nasi wenyeji tuna wajibu wetu. Makambako ni njia panda, na katika njia panda ni rahisi kumwona mgeni kuwa mteja na kumpandishia bei. Njombe, penye makao makuu ya Dayosisi, ni rahisi kumwonyesha kanisa kuu na kumficha mengine. Tusifanye hivyo. Tusimfiche mgonjwa wala anayelala njaa, kwa kuwa hao ndio aliotumwa kwao.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku zile mbili hazikuwekwa bure. Zinamtosha kujua shamba ni la nani, na nani wamelilima kabla yake. Basi tumpe siku zake mbili kwa moyo mweupe, na siku ya tatu tumkabidhi jembe bila kuona haya.