Pingamizi 24

Wakikaa mwanahistoria, mwanasheria na mwanafasihi wa shahada ya uzamili kusoma Talmudi pamoja, kila mmoja atavutia kwake. Je, hizo ni fujo? Hebu sikiza kisa kilichomo humo humo.

Huko Tiberia, karne ya 3, Yohanan alisoma pamoja na shemeji yake, Resh Lakish, aliyewahi kuwa jambazi. Siku moja wakabishana: kisu au upanga huhesabika umekamilika lini? Badala ya kujibu hoja, Yohanan akamsimanga, ati jambazi hakosi kujua zana za kazi yake. Resh Lakish akaugua, akafa.

Yohanan akaletewa mwenzi mpya, Eleazar ben Pedat. Kila alichosema Yohanan, huyu aliunga mkono tu. Yohanan akachoka. Resh Lakish angempa pingamizi 24, naye atafute majibu 24, na sheria ieleweke zaidi.

Sisi nasi twapenda marafiki wa kutuitikia. Lakini anayekupinga ndiye hukuonyesha pale ambapo hujafikiri. Basi ukibishana naye, piga hoja, mtu muache. Yohanan alilia sana, na kilio hakikumrudisha rafiki.