Mhuni wa Nani?

Mwanzoni mwa Januari 2015 uvumi kwamba Panya Road wanakuja uliwafanya watu wa Magomeni, Sinza na Kinondoni wafunge maduka na kukimbilia ndani. Vijana wale tuliwaita wahuni. Oktoba mwaka huohuo ukaja uchaguzi mkuu, na vyama navyo vilikuwa na vijana wao: Green Guard wa CCM, Red Brigade wa CHADEMA, Blue Guard wa CUF. Hao tuliwaita walinzi, wengine makamanda.

Sisemi ni watu walewale. Nauliza tu: kipigo kikitoka kwa kijana aliyevaa sare ya chama, kinaacha kuwa kipigo?

Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya Vyama vya Siasa na kuvikataza vyama kuunda vikundi vya ulinzi. Sawa. Lakini mwanasiasa anayetaka mkutano wa mwenzake uvurugike hahitaji kikundi chenye jina. Vijana wachache wa kijiweni, Tandale au Mbagala, wanatosha, pamoja na mtu wa kuwagawia posho.

Kenya wameshaona mwisho wa mchezo huu. Tume ya Jaji Waki ilichunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, zilizoua watu 1,133. Ilieleza jinsi wanasiasa walivyoyatumia magenge tangu miaka ya 1990, hadi yakawa na nguvu zake yenyewe. Mungiki waliobembelezwa wakati wa kura ndio haohao waliowatoza watu wa matatu pesa kwa nguvu.

Utasema kijana naye ana akili zake, na umaskini si leseni ya kumpiga mtu. Kweli kabisa. Wengi wamekulia Mbagala bila kumgusa mtu. Ila hatia si mkate, kwamba mmoja akikata kipande mwenzake anapungukiwa. Aliyepiga anabeba yake nzima. Aliyemtuma anabeba yake nzima, na nyingine juu: amemfundisha kijana kwamba mkono wake una bei, na uchaguzi ukipita lazima atafute mnunuzi mwingine.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hapa Dar mchumaji anarudi zake Masaki, janga analila mama wa Mbagala anayefunga genge lake la nyanya kabla ya magharibi. Na sisi tunaoshangilia vijana "wetu" wanapomfurusha mpinzani jukwaani, tumo.