Muulize Mefiboshethi Mwenyewe

Masomo: 2 Samweli 9, 16:1-4, 19:24-30, Ayubu 29:12-17, Marko 7:9-13
Wazo kuu: Mungu anatutaka tumhurumie mnyonge, na pia tuchunguze mpaka tujue anaishije.

Wengi wetu tunamjua Mefiboshethi kwa sababu ya 2 Samweli 9. Tunaipenda sana hiyo sura. Mjukuu wa Sauli, mlemavu wa miguu yote miwili tangu alipoangushwa na yaya wake akiwa na miaka 5, anatolewa Lo-debari na kuketishwa mezani pa mfalme. Tunahubiri, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani. Lakini hadithi yake haiishii mezani. Twende sura ya 16.

Daudi anamkimbia Absalomu. Njiani anakutana na Siba, yule aliyewekwa kusimamia mashamba ya Mefiboshethi. Siba ana punda wawili, mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 na kiriba cha divai. Mfalme anamuuliza, bwana wako yuko wapi? Siba anasema amebaki Yerusalemu, anangoja arudishiwe ufalme wa babu yake. Papo hapo Daudi anampa Siba mali yote. Yote! Hatusomi popote kwamba alituma hata mtu mmoja aende akaone.

Sasa sura ya 19. Vita vimeisha, na Mefiboshethi anakuja kumlaki mfalme. Miguu yake haijatunzwa, ndevu hazijakatwa, nguo hazijafuliwa tangu siku mfalme alipoondoka. Anaeleza kwamba alitaka kutandikiwa punda aende na mfalme, lakini mtumishi wake akamdanganya, halafu akaenda kumchongea. Mpendwa, huyo mtu hakuwa na wakili. Ushahidi alioubeba ni mwili wake.

FUNGUO TATU ZA SIBA

Mimi nilisoma biashara chuoni, na kwenye ukaguzi wa hesabu kuna kanuni moja haibadiliki: anayepokea pesa asiwe yeye yule anayeziandika, na tena awe yeye yule anayetoa ripoti. Ukimpa mtu mmoja kazi hizo zote, hata akiwa mcha Mungu, umemwekea majaribu mlangoni.

Angalia Siba. Ana mashamba, hiyo ni pesa. Ana punda, na kwa mtu asiyeweza kutembea, punda ndiyo miguu yake. Tena ndiye anayefika kwa mfalme kusema Mefiboshethi yuko vipi. Pesa, mwendo na habari, vyote viko mkononi mwa mtu mmoja. Alikuwa na wana 15 na watumishi 20, na hatusikii hata mmoja akisema kitu.

Leta hayo nyumbani kwetu. Serikali inampa mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii, na mzee asiyejiweza anaruhusiwa kuwa na mlezi wa kupokea kwa niaba yake. Ni mpango mzuri. Lakini jiulize: namba ya siri anaijua nani? Ufunguo wa geti uko na nani? Ukipiga simu kumsalimia shosho, nani anaishika na kusema "amelala"? Kama majibu yote ni jina moja, mimi sisemi huyo ni mwizi. Ninasema kuna mtu anapaswa kwenda kuona.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hudhulumiwa kwa njia fulani katika mwaka mmoja, huko wanakoishi katika jamii. Hesabu viti vya wazee wetu hapa mbele, kisha ugawanye kwa sita.

KAZI YA AYUBU

Ayubu anapoeleza maisha yake ya zamani, anasema alikuwa macho kwa kipofu na miguu kwa kiwete. Hiyo tunaikumbuka. Lakini mstari wa 16 unaongeza jambo tunaloliruka: kesi ya mtu asiyemjua, aliichunguza. Ayubu alikuwa mpelelezi wa wanyonge! Hakungoja wamletee malalamiko langoni. Na kabla yake, Mungu mwenyewe, kilio cha Sodoma kilipomfikia, alisema atashuka aone kama mambo ni kweli kama alivyosikia. Mungu anayejua yote anashuka kuona. Wewe na mimi tunahukumu kwa ujumbe wa WhatsApp.

Kuna dada wa ushirika wetu anayeishi Marekani. Kazi yake ni hii hasa. Kule kila jimbo lina idara ya kulinda watu wazima wasiojiweza: wazee, walemavu, wagonjwa wa akili. Alipokuja likizo nilikaa naye nikamuuliza anafanyaje. Akaniambia, "Pasta, mimi sianzi na maswali. Naanza na macho na pua." Anaangalia chakula kilichopo jikoni. Anasoma tarehe kwenye chupa za dawa na kuhesabu vidonge vilivyobaki. Anaangalia kama kuna vidonda vya kulala upande mmoja, kama nguo zimelowa. Halafu anaomba kuongea na mzee peke yake, mlezi akiwa nje. Hapo wengi hulia. Mwisho anaongea na mlezi, kwa upole, kwa sababu mara nyingi mlezi naye amechoka hadi mifupa.

Akaniambia jambo lingine lililonigusa. Kama mzee ana akili timamu na anasema hataki msaada, mara nyingi anabidi auheshimu uamuzi huo, hata kama unamuumiza roho. Mtu mzima si mtoto. Kumlinda hakumaanishi kumpokonya sauti yake. Siba alishafanya hivyo tayari.

Hapa kwetu kazi hiyo imegawanywa: kuna chifu, kuna afisa wa maendeleo ya jamii, kuna dawati la jinsia kituoni. Sheria nayo ipo. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo kutoka kwa familia na serikali. Lakini afisa mmoja ana eneo kubwa mno. Macho ya kwanza ni ya jirani, na ya kanisa.

KISA KIMOJA

Nasimulia hili kwa ruhusa ya familia, na nimebadilisha mambo kadhaa ili wasijulikane. Mama mmoja, miaka zaidi ya 75, aliacha kuja ibadani. Majirani wakasema mkaza mwana wake anamfungia ndani kwa kufuli kuanzia asubuhi. Hasira zikapanda. Wengine walitaka tumwite huyo binti mbele ya wazee wa kanisa wiki hiyo hiyo.

Tulikwenda kwanza, mimi na mashemasi wawili wa kike. Kufuli ilikuwepo, kweli. Lakini mama alikuwa msafi, kitanda kikavu, uji uko kwenye chupa ya chai. Akili yake imeanza kupotea. Mara mbili alikuwa ameokotwa barabarani akitafuta nyumba aliyoishi miaka 40 iliyopita. Mkaza mwana anauza mboga sokoni, hana wa kumwachia, na wana wengine wa mama hawatumi hata shilingi. Nikamuuliza zile 2,000 zinafika? Akanyamaza. Mama mwenyewe, siku hiyo akiwa mzima kidogo, alipoulizwa peke yake na shemasi, alimtaja mwanawe mmoja. Kadi iko kwake. Hajaona pesa muda mrefu.

Huyo mwana alikuwa anahudumu hapa kanisani. Anatoa fungu la kumi. Tulipomwita, alisema pesa za mama alizipanda kama mbegu madhabahuni.

Wapendwa, hapo ndipo Marko 7 inapotuingia. Yesu aliwakemea watu waliosema mali ambayo ingewasaidia wazazi wao imewekwa wakfu kwa Mungu. Aliliita jambo hilo kutangua neno la Mungu. Hakuna madhabahu inayopokea uji uliotolewa mdomoni mwa mama. Tulimwambia hivyo. Afisa wa maendeleo ya jamii akaisaidia familia kubadilisha mlezi wa kupokea. Na kwa sababu kumfungia mtu si jibu hata kama sababu inaeleweka, akina mama wetu walipanga zamu za kukaa naye siku za soko. Kufuli imeondolewa.

Yule ndugu ameacha kuja. Kiti chake kiko wazi, na fungu lake la kumi halipo kwenye hesabu za mwezi. Ninamwombea kwa jina kila asubuhi. Lakini nataka usikie: tungehukumu kwa maneno ya majirani, tungemwadhibu mlezi na kumwacha Siba akiendelea kukusanya sadaka.

Daudi aliposikia upande wa pili, alisema mashamba yagawanywe nusu kwa nusu. Mefiboshethi akajibu, Siba achukue yote, mradi mfalme amerudi salama. Hukumu ya haraka ni ngumu kuirekebisha baadaye. Hata mfalme alibaki na nusu.

HATUA ZA WIKI HII

1. Kila ushirika wa nyumbani uandike majina ya wazee, walemavu na wagonjwa ambao hawajaonekana kwa mwezi mmoja. Waende wawili wawili. Mtu asiende peke yake.
2. Ukifika, omba kuongea na mwenyewe. Usiridhike na "yuko sawa". Muulize Mefiboshethi mwenyewe.
3. Msikilize mlezi pia, na usiondoke bila kumuuliza anahitaji nini.
4. Ukiona jeraha, njaa au hatari, usifanye mkutano wa maombi ukaishia hapo. Mwone chifu au polisi siku hiyo hiyo. Kwa dhuluma za kijinsia, piga 1195, ni bure.
5. Usitangaze ulichoona. Heshima ya mzee ni sehemu ya ulinzi wake.

Tuombe: Baba, wewe ulishuka kuona. Tupe miguu ya kwenda, macho ya kuona na masikio ya kusikia pande zote. Wafariji wanaolia nyuma ya milango iliyofungwa. Watie nguvu walezi waliochoka. Na kama kati yetu kuna aliyeshika funguo zisizo zake, umpe neema azirudishe leo. Katika jina la Yesu, amina.